Simu ikae kwenye holda, macho yabaki barabarani: ninavyoelekezwa na ramani kutoka Nakuru hadi geti la mteja

Kila Jumatano na Ijumaa, saa 11 alfajiri, Probox yangu huwa imesimama nje ya geti Section 58 hapa Nakuru, breki ya mkono juu, injini imezimwa. Nyuma nimepanga makasha ya vifaranga wa siku moja, kila kasha vifaranga 100 katika vyumba 4 vya 25. Wanaonisubiri wako Kericho, Ahero, Kisumu, Luanda, Mbale na Kakamega. Kwa kama dakika 15 sigusi usukani wala ufunguo, nashughulika na simu tu. Gari likishaanza kutembea, kidole changu hakirudi kwenye simu mpaka niwe nimesimama tena kando ya barabara.

Mtoto wa dada yangu amepata leseni na ataanza kuniendeshea safari za Ijumaa. Juzi aliniuliza, "Mama mdogo, si ni kuandika tu unakoenda, simu ikupeleke?" Tulikuwa tunapakia, nikamjibu kwa haraka. Jibu lile lilininyima usingizi, kwa sababu halikutosha, na barabara anayokwenda kuiendesha naijua. Namwandikia hapa yote ninayoyafanya, na dereva mwingine yeyote achukue litakalomfaa.

Mahali pa simu

Simu isikae mkononi, mapajani wala kwenye kiti cha abiria. Kuitumia mkononi gari likitembea ni kosa la trafiki. Kanuni za makosa madogo za 2016 ziliweka faini ya Sh2,000. Lakini hesabu inayonitisha mimi ni nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Ukiinamisha macho sekunde 3 kusoma jina la barabara, umepita mita 66 bila kuona. Hata ukishuka hadi 50 unapopita katikati ya Ahero, sekunde hizo 3 ni zaidi ya mita 40, na ndani ya mita 40 za Ahero asubuhi kuna boda, mkokoteni na mtoto wa shule anayetaka kuvuka.

Nunua holda inayobana kwenye matundu ya hewa ya dashibodi, upande wa usukani. Usiibandike katikati ya kioo cha mbele, itakufichia mtu anayevuka. Usiiweke pale mfuko wa hewa wa usalama unapofumukia, maana siku ya ajali simu itarushwa usoni kama jiwe. Holda ya sumaku ina shida yake: sumaku huivuruga dira iliyo ndani ya simu, ukaona mshale wa ramani unazunguka ovyo gari likiwa limesimama. Ukianza kusonga mshale hutulia, kwa kuwa GPS inajua unakoelekea kutokana na mwendo wako. Kwa hiyo unapotoka ulipopaki, usiuamini mshale kabla hujasonga mita kadhaa.

Kuna na jua. Mchana wa Kisumu, simu iliyoachwa juu ya dashibodi hupata moto mpaka inajizima, na itajizima pale tu unapoihitaji. Kwenye matundu ya hewa inapulizwa na baridi, ndiyo sababu nyingine ya kuipenda holda hiyo. Chaja ya gari iwe nzuri na waya uwe mzima, kwa sababu ramani na mwanga wa kioo hunyonya betri haraka. Zima pia hali ya kuokoa betri. Kwenye simu nyingi hali hiyo hubana GPS.

Bando likiisha GPS haifi

Hili wengi hawalijui, na limewafanya wengine wageuze njiani bila sababu. GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kama kilomita 20,200. Simu yako haizitumii chochote, inazisikiliza tu, kama redio inavyosikiliza stesheni. Ikizisikia angalau 4, inapiga hesabu ya mahali ulipo. Simu nyingi za siku hizi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Kusikiliza huko hakulipiwi, na hakuhitaji bando wala mtandao wa simu.

Kinachohitaji bando ni picha ya ramani yenyewe, kutafuta majina ya mahali, na habari za msongamano. Kwa hiyo pakua ramani nyumbani. Kwenye Google Maps, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua eneo lako mwenyewe, kisha vuta kisanduku kifunike unakopita. Mimi nina visanduku viwili, cha Nakuru hadi Kericho na cha Ahero hadi Busia. Ramani hizo zina muda wa kuisha, basi zisasishe kila mwezi ukiwa kwenye Wi-Fi. Ujue pia kwamba bila mtandao hutaonyeshwa msongamano wala njia mbadala. Pembeni nimeweka Organic Maps, inayotumia ramani ya OpenStreetMap na kufanya kazi bila mtandao kabisa. Vijijini mara nyingi moja ina njia ambayo nyingine haina, nami huzilinganisha kabla ya kuondoka.

Jambo moja dogo la kusaidia: washa ramani ukiwa bado mjini. Mtandao unapopatikana, simu huletewa upesi habari za setilaiti zilipo. Bila mtandao lazima izipokee kutoka angani kwenyewe, na ikiwa imekaa muda mrefu imezimwa itakuchelewesha dakika nzima au zaidi huku umesimama njia panda hujui kushoto wala kulia.

Mbale ipi?

Hapa ndipo nilipojifunza kwa hasara, mwaka wangu wa kwanza. Mteja alikuwa Mbale. Niliandika Mbale, nikabonyeza jina la kwanza lililotokea, nikaondoka. Nilipofika Mau Summit nilitarajia kuambiwa nipinde kushoto kuelekea Kericho. Sauti ikaniambia niendelee moja kwa moja, njia ya Eldoret. Nilidhani inanikwepesha msongamano, nikaenda kilomita kadhaa kabla ya moyo kukataa. Nikaingia kwenye kituo cha mafuta, nikapaki, nikatazama: nilikuwa napelekwa Mbale ya Uganda. Mteja wangu alikuwa Mbale ya Vihiga, makao makuu ya kaunti.

Eneo letu limejaa majina ya namna hiyo. Luanda iko Vihiga, karibu na Maseno, na Luanda ni mji mkuu wa Angola. London ni mtaa hapa Nakuru. Sabatia iko Vihiga, na nyingine iko karibu na Eldama Ravine. Majengo ndiyo usiseme, kila mji una Majengo yake. Kwa hiyo ukiandika jina, ongeza kaunti: "Mbale Vihiga", "Luanda Vihiga", "London Nakuru". Kisha kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, soma jumla ya kilomita. Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 185. Hadi Mbale ya Vihiga ni kama 200 na kidogo. Siku ile simu iliniandikia zaidi ya 300, ilikuwa wazi mbele yangu, mimi sikuisoma. Halafu punguza ramani uone mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari ukivuka mpaka, au ukipita mji usioutarajia, huhitaji kuelezwa zaidi.

Pini ya mteja

Wateja wangu wengi hawana anwani. Hakuna namba ya nyumba, barabara haina jina, na "karibu na kanisa" ni maelezo ya nusu ya kaunti. Kwa hiyo naomba lokesheni kwa WhatsApp. Hata hiyo ina namna ya kuiomba. Mama mmoja anayefuga Kiboswa alinitumia lokesheni, nikaifuata kwa uaminifu hadi katikati ya soko la Kibuye, Kisumu. Alikuwa ameituma akiwa sokoni akinunua samaki, na simu ilituma pale alipokuwa amesimama. Tangu siku hiyo ujumbe wangu ni huu: "Mama, nitumie lokesheni ukiwa umesimama getini kwako, si sasa hivi." Nikiipata, nampigia: "Hapo ulipo unaona nini mkono wa kulia?" Akitaja shule au mashine ya kusaga unga, naitafuta kwenye ramani nione kama iko karibu na pini, ile alama ya mahali aliponitumia.

Mzee mwenye kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, atasema hana namna. Ipo. Namwambia amwombe kijana wa boda wa stejini mwenye simu nzuri afike getini, anitumie lokesheni akiwa pale, nami namtumia kijana shilingi mia. Ni mia ninayoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote, kwa kuwa lokesheni hiyo naihifadhi na sitaiomba tena.

Kwa kila mteja nahifadhi pini mbili. Ya kwanza ni pale ninapoacha lami, ya pili ni getini. Sababu yake ni kwamba programu hukupeleka kwenye njia iliyo karibu zaidi na pini, na huko Vihiga nyumba zilivyobanana, njia iliyo karibu zaidi mara nyingi iko ng'ambo ya kijito au nyuma ya ua wa jirani. Nikishikilia pini ya njia panda kwanza, naingia kwa upande ambao mteja mwenyewe huingilia. Naziandika kwa majina ninayoyaelewa mimi: "Kiboswa, toka lami", "Kiboswa, geti la bluu".

Mwingine atakutumia namba tupu za latitudo na longitudo. Hapo angalia alama ya kutoa. Ikweta inapita katikati yetu. Kisumu na Nakuru ziko kusini yake, kwa hiyo latitudo zake huanza na alama ya kutoa. Kakamega iko kaskazini, haina. Kisumu mjini ni kama -0.09, 34.76. Mtu akisahau kile kimstari kidogo, utapelekwa kilomita 20 kaskazini, juu kwenye vilima vya Vihiga, na hutashtuka kwa sababu umbali unaonekana wa kawaida. Ukisahau ya Nakuru, utajikuta upande wa Ziwa Bogoria. Ukiona namba, uliza: "Uko kusini au kaskazini ya ikweta?" Asipojua, muulize kama Maseno, inayopitiwa na ikweta, iko juu yake au chini yake kwenye ramani.

Mpangilio wa vituo

Google Maps inakubali kuongeza vituo hadi 9 katika safari moja, lakini kwenye simu haikupangii utaratibu wake. Utapita kwa mfuatano ulioandika, hata kama unakurudisha nyuma. Mimi huandika kwenye karatasi kwanza: Kericho, Ahero, Kisumu, Mbale, Kakamega, na Luanda wakati wa kurudi kama hakuna joto. Kisha navuta majina kwenye simu yafuate karatasi. Muda unaokadiriwa na simu, mimi huuongezea thuluthi. Malori yanayopanda kutoka Salgaa hayajui makadirio ya simu, na mimi siyapiti kwenye mlima.

Mwisho wa maandalizi nawatumia mume wangu na mteja wa kwanza lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, ile inayodumu kwa muda wa saa 8. Wananiona ninavyosonga, hawahitaji kunipigia kuuliza "umefika wapi?" Simu za "umefika wapi" ndizo zilizokuwa zinanitoa barabarani zaidi kuliko ramani.

Ukiwa barabarani, sikiliza

Sauti iwe juu, ipitie spika za gari kwa Bluetooth ikiwezekana, redio chini, na arifa za makundi zizimwe zote. Sauti itatamka Kapsoit na Nyamasaria vibaya. Wewe sikiliza umbali na upande: mita 300, kushoto. Majina utayasoma kwenye vibao vya barabara.

Kuanzia Salgaa kupitia Sachangwan hadi Mau Summit sitazami simu kabisa, hata kwa kupepesa jicho. Sachangwan ndipo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha Januari 2009 lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto. Mbele yake, Londiani Junction, lori liliacha barabara Juni 30, 2023, likaua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Kipande hicho huwa na ukungu, mvua na malori yanayoshuka yakitegemea breki. Kona inayohitaji maelekezo ni moja tu, ile ya Mau Summit, nami nimeikariri kabla ya kuondoka. Nawe fanya hivyo: kipande kibaya kikariri nyumbani, ili kisikudai macho.

Kwenye barabara za juu, kama pale Kondele, simu hutatanika. GPS inajua vizuri uko wapi juu ya ardhi, lakini kimo hukikadiria vibaya, basi mshale unaweza kukuweka barabara ya juu nawe uko ya chini. Chagua leni yako kwa vibao.

Ukikosa kona, iache. Usifunge breki ghafla, usirudi kinyumenyume kwenye barabara kuu. Endelea, simu itapiga hesabu upya na kukupa pa kugeuzia. Kama ni lazima ubadilishe kitu, washa indiketa, toka barabarani kabisa, paki, vuta breki ya mkono, ndipo ushike simu. Kama una mtu kando yako, mpe yeye kazi hiyo. Safari ninazokwenda na kijana, yeye ndiye anayeshika ramani na mimi nauliza kwa mdomo.

Njia ya mkato

Aprili moja, mvua ya masika ikiwa imekolea, nilikuwa natoka Ahero kwenda kwa mteja upande wa Miwani. Programu niliyokuwa naitumia iliniambia kuna njia inayookoa dakika 11. Mstari ulikuwa mweupe, mwembamba, umenyooka. Nikaufuata. Ile ni nyanda ya Kano, udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kushika gurudumu kama gundi. Ndani ya nusu kilomita Probox ilikaa chini. Nilisubiri saa tatu na zaidi hadi vijana wa shamba la miwa walipoleta trekta. Upepo wa mvua ulikuwa unaingia, nikavua koti nikafunika makasha, lakini vifaranga 9 walikufa kwa baridi. Niliwalipa wenyewe, na trekta nikalilipa pia.

Ramani inajua kwamba njia ipo. Haijui kwamba jana imenyesha. Sasa nikiona mstari mwembamba usio na namba, naugeuza mtazamo kuwa wa setilaiti kabla ya kuondoka: lami huonekana nyeusi au kijivu yenye kingo zilizonyooka, marramu, barabara ya changarawe isiyo na lami, huwa nyekundu au kahawia. Msimu wa mvua siachi lami ila pale kwenye pini yangu ya kwanza. Na hapo kwenye njia panda nashusha kioo, namsalimia mtu wa steji kwanza, kisha nauliza: "Gari dogo limepita leo?" Uliza kuhusu leo. Ukiuliza kama njia inapitika, kwa heshima yao watakuambia inapitika.

Ukifika

Kilomita ya mwisho nazima sauti, nashusha mwendo na kutafuta geti kwa macho. Nikishapaki kivulini nafanya mambo mawili kabla ya kufungua mlango wa nyuma. Nasahihisha pini kama imekaa pembeni ya geti, papo hapo nikiwa nimesimama penye geti lenyewe, na kama njia ya kuingilia imebadilika naandika kando ya jina: daraja limevunjika, pitia upande wa shule. Kisha nasitisha maelekezo ili simu ipoe. Halafu nafungua kasha la kwanza mteja akitazama, tunahesabu vifaranga chumba kwa chumba, na wakati yeye anawaonyesha maji, mimi nasoma kituo kinachofuata gari likiwa bado limezimwa.